Kuku wa lupango: mayai mengi, nyumba salama

Ndugu mfanyakazi, unarudi kutoka kazi ya usiku. Kabla hujavua viatu, unasikia kuku akilia nyuma ya jiko: ametaga! Mama anacheka, watoto wanakimbia. Lakini ni yai moja tu, na kuku wenu ni watano. Hao wengine wanne wanafanya nini?

Watu wengi wanajibu: «Kuku wa kwetu ni wavivu.» Hapana. Kuku wa kwetu si mvivu. Anafanya kazi kwa kadiri ya chakula, maji na makao anayopewa. Mfanyakazi asiyekula, asiyelala na asiye na vyombo hawezi kutoa kazi nzuri. Kuku naye ni hivyo.

Labda utauliza kwa nini tunasema mambo ya kuku kwenye ukurasa wa usalama na afya. Kuna sababu mbili. Ya kwanza: yai ni chakula cha kujenga mwili wa mtoto. Ya pili: katika miji ya migodi kuku anaweza kuleta sumu ndani ya nyumba, na mwenye kuku asijue. Soma mpaka mwisho, na umsomee mama pia, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye kuwaangalia kuku.

Namna kuku anavyotengeneza yai

Yai moja linatengenezwa kwa muda wa saa 24 mpaka 26. Kiini kinaiva kwanza, halafu kinavikwa ute, halafu ganda. Ganda peke yake linachukua karibu saa 20. Kwa hiyo hakuna kuku wa kutaga mayai mawili mazuri kila siku, na dawa ya kumfanya atage hivyo haipo. Anayekuuzia dawa hiyo sokoni anakudanganya.

Kuku wa kienyeji anataga mayai 10 mpaka 15, kisha anaatamia siku 21, kisha analea vifaranga miezi miwili au mitatu. Wakati wote huo hatagi. Piga hesabu: majuma 3 ya kutaga, 3 ya kuatamia, 10 ya kulea, yote ni majuma 16. Mwaka una majuma 52. Basi anataga mara tatu tu kwa mwaka, yaani mayai 30 mpaka 45. Ukitaka zaidi, usimlaumu kuku. Punguza muda anaopoteza, na umpe kitu cha kutengenezea mayai.

Chakula: bukari peke yake haitoshi

Kuku anayezunguka lupango anaokota majani, wadudu na mabaki ya bukari. Hiyo inatosha kumweka hai. Kutaga kunataka zaidi. Mahindi yanampa nguvu, lakini yai linataka chakula cha kujenga mwili: soya, karanga, samaki, wadudu.

Huu ni mchanganyiko wa kilo 10 ambao mama anaweza kuutengeneza nyumbani:

– mahindi yaliyovunjwa, kilo 4;
– pumba za mahindi, kilo 3;
– soya iliyokaangwa na kutwangwa, kilo 1 na nusu;
– ndakala wakavu waliotwangwa, nusu kilo;
– majani makavu ya lenga-lenga au matembele, nusu kilo;
– maganda ya mayai yaliyosagwa, nusu kilo.

Kuku anayetembea nje umpe konzi moja kwa siku, karibu gramu 50, nusu asubuhi na nusu jioni. Kwa kuku watano, kilo 10 zinaenda siku 40.

Angalia mambo manne. Soya mbichi haifai: ndani yake mna kitu kinachozuia tumbo kutumia chakula, na moto ndio unaokiondoa. Majani na maganda ya muhogo mabichi yana sumu; yakaushe vizuri juani kwanza. Ndakala wenye chumvi nyingi uwaoshe na kuwakausha tena, kwa sababu chumvi inaua kuku. Na mahindi yenye ukungu usiwape kuku, wala usiyasage kwa watoto. Ukungu ule una sumu ya maini, kwa mtu na kwa mnyama.

Katanga Mungu ametupa vichuguu vingi. Mchwa ni nyama ya kuku isiyo na bei, zaidi kwa vifaranga. Chukua chungu cha zamani, kijaze magunzi na majani makavu yaliyoloweshwa maji kidogo, ukifunike kifudifudi juu ya tundu la mchwa wakati wa jioni. Asubuhi umwagie kuku.

Maji

Yai ni maji kwa sehemu tatu kati ya nne. Kuku akikosa maji siku moja ya joto, anaweza kuacha kutaga siku nyingi. Weka maji safi kivulini, uyabadilishe asubuhi na jioni. Chombo kiwe kizito, kuku asikipindue. Tena chombo hicho kioshwe: maji ya kijani yenye mavi ndani ni njia ya ugonjwa.

Ganda gumu linatoka wapi?

Ganda la yai karibu lote ni chokaa. Kuku asipoipata kwenye chakula, anaivuta kutoka mifupa yake mwenyewe. Baada ya muda anataga mayai laini, anavunja na kula mayai yake, au anaacha kutaga kabisa. Usitupe maganda ya mayai. Yachemshe, yakaushe, yasage yasionekane tena kama yai, uyaweke kwenye kopo kando ya chakula. Maganda ya konokono na mifupa iliyochomwa vizuri na kutwangwa inafaa pia. Kuku mwenyewe ataonja kadiri anayotaka.

Hapa tunatoa onyo la kwanza. Kuna wafanyakazi wanaofikiri chokaa ni chokaa, nao wanaleta nyumbani chokaa ya kiwandani, ile inayotumiwa kuosha madini. Chokaa ile imechomwa. Ikikutana na maji inachemka. Inaunguza macho, mdomo na ngozi. Itamwunguza kuku koo, na mtoto akiichezea inaweza kumpofusha. Chokaa ya kazi ibaki kazini.

Mwanga na baridi

Kuku anataga zaidi mchana ukiwa mrefu. Kwetu mwezi wa Desemba mchana ni karibu saa 13. Mwezi wa Juni unapungua hadi karibu saa 11 na nusu. Tena usiku wa Juni na Julai kuna baridi, na kuku anakula ili apate joto, si ili atage. Ndiyo sababu mayai yanapungua kiangazi. Wengine wakati huo wanapukutisha manyoya na kupumzika miezi miwili au zaidi. Si ugonjwa. Waongezee chakula, uzibe upande wa banda unaopigwa na upepo, na uwe na subira.

Wenye kuku wa kizungu, wale wa kutaga karibu kila siku, wanawawekea taa ili wafikishe saa 14 au zaidi za mwanga. Kwa kuku wako watano wa kienyeji faida ni ndogo, na hatari ni kubwa. Waya uliotolewa dirishani, ukafungwa kwa kitambaa, ukapita juu ya bati na ardhi yenye maji, ni mtego. Unaua kama mtego wowote wa umeme mgodini. Mtoto anayekwenda kuokota yai asubuhi, miguu mitupu, ndiye atakayeugusa kwanza.

Vilevile, usiweke mbabula ndani ya banda wala karibu na majani makavu. Na usiku wa baridi usiwalete kuku na mbabula pamoja katika chumba mnamolala. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini, wala hauna harufu ya kukuamsha.

Banda na viota

Kuku asilale jikoni wala chini ya kitanda. Mavi yake yanaleta magonjwa ya tumbo kwa watoto wanaotambaa. Mjengee banda dogo, mbali kidogo na dirisha la chumba, ili na wewe uliyetoka kazi ya usiku upate kulala mchana. Liinue juu ya miguu ya miti kama nusu mita au zaidi, panya na maji ya mvua yasiingie. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha; wakisongamana wanagombana, wanadonoana, na mayai yanapungua. Weka fito za kulalia.

Kwa kila kuku wanne au watano weka kiota kimoja, sanduku la sentimita 30 kila upande, penye giza kidogo, na majani makavu ndani. Kuku anapenda kutaga mahali pa siri. Asipopata kiota atataga kichakani, na mayai utamwachia nyoka. Okota mayai kila siku, ukiacha moja lenye alama ya makala, ili aendelee kurudi palepale.

Chawa na utitiri wananyonya damu ya kuku usiku. Kuku mwenye utitiri hatagi, na akiatamia anakimbia kiota. Mwekee shimo dogo la mchanga mkavu na majivu ya kuni: ataoga mwenyewe. Choma majani ya kiota kila mara vifaranga wanapotoka. Usipake mazutu wala mafuta machafu ya mashini kwenye fito. Yanaunguza ngozi ya kuku, na harufu inaingia ndani ya yai.

Wakati wa kusafisha banda, kumbuka unavyofanya mgodini. Je, unatoboa mwamba bila maji? Hapana, unalowesha kwanza, ili usivute vumbi. Vumbi la mavi ya kuku nalo linaumiza mapafu. Nyunyiza maji, ndipo ufagie, na ufunge pua na mdomo kwa kitambaa. Mavi hayo yaache yaoze kwenye shimo, baadaye yatanenepesha bustani ya mboga.

Asiatamie kila mmoja

Hapa ndipo unapopata mayai mengi kwa haraka zaidi. Kuku wawili au watatu wakianza kuatamia pamoja, chagua mama mzuri mmoja. Mpe mayai 10 mpaka 12. Wengine waweke siku tatu au nne katika kizimba chenye hewa, chini pawe na fito tupu bila majani, pamoja na chakula na maji. Joto la kuatamia litaisha, na baada ya muda mfupi wataanza kutaga tena. Usimtose kuku ndani ya maji baridi. Hayo ni mateso, wala si dawa.

Mayai ya kuatamiwa yawekwe mahali pa baridi, ncha kali chini, yasipite siku 10. Siku ya saba yaangalie gizani kwa tochi: lenye mishipa lina kifaranga, lililo tupu liondoe. (Tochi ya nyumbani, ndugu. Taa ya mgodini inabaki kwenye chumba cha taa!)

Vifaranga wakifika majuma manne, watenge na mama yao, uwape chakula kizuri na mahali pa joto. Sasa mzunguko wa mama si majuma 16 tena, ni kama 10 au 11. Badala ya kutaga mara tatu kwa mwaka, anaweza kutaga mara nne au tano. Hakuna ulichonunua, umepanga kazi vizuri tu.

Na jogoo? Kuku anataga bila jogoo. Jogoo anahitajiwa kwa mayai ya vifaranga tu, naye mmoja anawatosha kuku 10. Kuku mzee aliyepita miaka mitatu anakula bila kulipa. Ukitaka kumjua anayetaga, mshike taratibu: mifupa miwili iliyo chini ya mkia inaachana kwa vidole viwili au vitatu, na upanga wa kichwani ni mwekundu na laini. Mifupa ikibanana na upanga ukipauka, amepumzika, amezeeka au anaumwa.

Ugonjwa unaomaliza banda lote

Adui mkubwa ni kideri, ambao waganga wa wanyama wanauita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa karibu mwaka 1926. Mara nyingi unakuja kwa nguvu katika miezi ya joto kabla ya mvua. Kuku anasinzia, anapumua kwa shida, anaharisha kijani, shingo inajipinda. Kwa siku chache banda linabaki tupu. Dawa ya kuponya haipo. Kuna chanjo.

Chanjo ni tone moja katika jicho, kila baada ya miezi minne hivi, kwa kuku wazima tu. Uliza ofisi ya mifugo au mganga wa wanyama. Afadhali majirani wa njia moja mpange siku moja, maana chupa moja ina matone ya kuku wengi, na kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa wako. Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa. Aliyekufa azikwe kwa kina au achomwe. Asitupwe jalalani, wala asiliwe.

Usiwape kuku vidonge na kapsuli ulizopewa hospitali. Haviponyi kideri, na dawa inabaki ndani ya yai ambalo mtoto atakula.

Onyo kubwa: vumbi la madini

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Kuku anakula ardhi. Siku nzima anadonoa, na kila anapodonoa anameza vumbi. Ikiwa vumbi lina madini, madini yanaingia ndani yake. Mbaya zaidi ni risasi, ile ya betri za motokaa na ya rangi za zamani. Risasi inakaa ndani ya mifupa ya kuku. Siku anapovuta chokaa ya mifupa ili atengeneze ganda, risasi nayo inatoka, na sehemu yake inafika ndani ya yai. Kuku anaonekana mzima, yai linaonekana zuri. Lakini risasi inaumiza ubongo wa mtoto, na akili iliyoharibika hairudi.

Si hadithi. Huko Kabwe, Zambia, mji wa mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994, watafiti walipima kuku waliokuwa wakitembea huru karibu na mgodi, wakakuta risasi nyingi katika maini na figo zao. Kwetu Katanga, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi katika mkojo, na watoto walikuwa miongoni mwao. Vumbi halikai nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Tufanye nini? Tuache kufuga? Hapana. Tufuge kwa akili.

– Nguo za kazi usizikung'ute uani. Kama kazini mna mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, patumie. Kama mama anazifua nyumbani, azifue peke yake, na maji yake yamwagwe mbali na kuku na bustani.
– Usivunje betri wala kuyeyusha risasi ndani ya lupango. Mahali palipofanyiwa kazi hiyo zamani, kuku na watoto wasipite.
– Chakula cha kuku kiwe kwenye chombo, kisimwagwe chini. Kuku aliyeshiba chomboni anadonoa vumbi kidogo.
– Ukikaa karibu na mlima wa taka za madini, njia ya malori au kiwanda, wajengee kuku ua. Ondoa udongo wa juu, leta udongo safi kutoka mbali, uweke majani makavu juu yake.
– Mchanga wa kuogea kuku usitoke kwenye taka za mgodi.
– Mapipa na mifuko iliyokuwa na dawa za kiwanda isiwe chombo cha maji, wala ghala ya chakula, wala ukuta wa banda. Kuosha hakutoshi. Pipa zuri la bure linaweza kuwa ghali kuliko yote uliyowahi kununua.

Na yai liliwe!

Tunaona kila mara jambo la kusikitisha: mama anaokota mayai, anayauza yote, na mtoto wake mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu anakula bukari na sombe kidogo. Uza, lakini si yote. Yai moja la kienyeji lina karibu gramu 5 za chakula cha kujenga mwili. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula anaweza kupewa yai lililoiva vizuri, lililopondwa ndani ya uji.

Wazee wengine wanasema mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, au mwanamke mwenye mimba asile mayai. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini waganga na wauguzi wanajua kwamba mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaolihitaji yai kuliko baba mwenye nyumba. Baba, siku yai ni moja, lipite mbele yako bila kusimama.

Yai lichemshwe mpaka kiini kigande. Lililopasuka au lenye mavi mengi lisiwe la mtoto. Osha mikono kwa sabuni kila unapotoka bandani, na uwafundishe watoto hivyo.

Shika haya

Chakula cha kujenga mwili. Maji safi kila siku. Maganda ya mayai, si chokaa ya kiwanda. Kiota kikavu. Kuatamia kwa zamu. Tone la chanjo kila miezi minne. Hakuna waya, hakuna mbabula bandani. Vumbi la kazi libaki kazini.

Anza juma hili na jambo moja tu. Chukua daftari ya zamani ya mtoto, mwambie aandike kila jioni: mayai mangapi leo? Baada ya miezi mitatu mtahesabu pamoja mezani. Na mezani pawepo na mayai, si daftari tu.